Mswaki ni Sunna, Uvumi si Sunna

(Maneno ya nasaha yaliyotolewa katika darasa la mwezi, baada ya swala ya Magharibi)

 

 

Mwezi uliopita, darasa letu lilipomalizika na watu wakaanza kutawanyika, alitujia mama mmoja mtu mzima, amembeba mjukuu wake wa miezi 7. Mtoto alikuwa akiharisha kwa siku 3, na mwili ulikuwa ukimchemka. Mama yule hakuja kutuuliza dawa. Alikuja kutuomba dua, kwa kuwa asubuhi ya siku ya pili alikusudia kumpeleka mtoto kwa mtu ambaye angemtoa “meno ya plastiki”. Tulimsihi asubiri. Tukamwita kijana wetu mmoja, muuguzi, ambaye alikuwa bado yumo msikitini, naye akafuatana na mama huyo mpaka zahanati usiku ule ule. Mtoto alikutwa na malaria, akatibiwa, na leo, alhamdulillahi, ni mzima.

Tunaisimulia habari hii kwa idhini ya bibi yake, wala hatukusudii kumlaumu. Lililotushughulisha ni jambo jingine. Mama yule ni mtu wa swala. Hakosi darasa. Nyumbani kwake hakuna hirizi wala kafara ya njia panda. Mambo hayo aliyaacha miaka mingi iliyopita, alipofahamu kwamba hayana dalili. Na pamoja na hayo alibakia na itikadi isiyo na dalili juu ya kinywa cha mjukuu wake, itikadi ambayo ingeweza kumuua. Nasi, ambao kila mwaka inapokaribia Ramadhani husimama hapa kuzitaja fadhila za mswaki, hatukuwahi kumwambia lolote juu ya jambo hilo.

Basi tulikwenda kwa madaktari wa meno, tukawauliza ni yapi wanayoyasikia kila siku kwa watu, na ni yapi katika hayo yaliyo kweli. Tuliyoyakuta ndiyo tunayowaletea. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Hujurat, imetuamuru kuichunguza habari inapotujia, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto. Sisi tumezoea kuitumia amri hiyo katika habari za dini na za siasa. Leo tuitumie katika habari za meno.

Meno ya plastiki

Tuanze na hili, maana ndilo lenye hatari kuliko yote.

Husemwa kwamba mtoto mchanga akipata homa, akiharisha au akikataa kunyonya, sababu yake ni meno mabaya yaliyojificha ndani ya ufizi, nayo huitwa meno ya plastiki au ya nailoni. Uvumi huu ulienea Tanzania tangu miaka ya 1980, na desturi ya namna hiyo hiyo imeonekana Uganda, Kenya, Sudan, Ethiopia na Kongo kwa majina tofauti. Anayejidai mtaalamu huupasua ufizi wa mtoto, mara nyingi mahali pa chonge, kwa kisu, wembe, kucha, au hata spoki ya baiskeli iliyonolewa, kisha huchokoa na kutoa kitu cheupe, laini, na kuwaonyesha wazazi: “Hili hapa jino la plastiki.”

Ndugu zetu, kitu hicho kweli ni jino. Ni jino halisi la mtoto ambalo halijakomaa. Meno ya mtoto huanza kujengeka akiwa bado tumboni mwa mama yake. Yanapokuwa machanga hayajawa magumu, ndiyo maana huonekana meupe na laini yanapochokolewa. Uvimbe mdogo uonekanao kwenye ufizi mahali pa chonge ni dalili kwamba jino lipo chini yake, nalo litachomoza kwa wakati wake, aghalabu baina ya mwezi wa 16 na wa 23. Huo si ugonjwa. Ni kazi ya Muumba.

Wengine watauliza: mbona watoto wengi huugua umri ule ule meno yanapokaribia? Jibu ni jepesi. Kuanzia mwezi wa 6 au karibu na hapo, kinga aliyopewa mtoto na mama yake huwa imepungua, naye huanza kupewa uji na maji, hutambaa na kukitia kinywani kila akiokotacho. Hapo ndipo kuharisha kunapoanza. Malaria nayo haingojei jino. Mambo mawili yakitokea wakati mmoja, si lazima moja liwe sababu ya jingine. Na mtoto akipona baada ya kuchokolewa, amepona kwa kuwa ugonjwa wake ulifikia mwisho, lakini sifa hupewa aliyempasua.

Asiyepona ndiye tusiyemsikia. Kuna watoto waliopoteza damu nyingi, kuna waliopata pepopunda, na kuna ambao uchafu uliingia katika damu yao wakafa. Chombo kile kile kikitumika kwa mtoto huyu na yule, huweza kuhamisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Na anayesalimika huenda akakua bila chonge, au akaota chonge la ukubwani lililopinda, kwa sababu kiini cha jino la pili kiko karibu na pale palipochokolewa. Zaidi ya yote, siku 2 zilizopotea kwa mchokozi ni siku 2 ambazo malaria au kuhara kulizitumia kummaliza mtoto.

Mtoto akiharisha, apewe maji maalumu ya chumvi na sukari yatolewayo zahanati, aendelee kunyonya, na apelekwe kwa mganga wa hospitali. Akiwa na homa, apimwe. Hiyo ndiyo haki yake juu yetu.

Mdudu wa jino

Jambo la pili ni imani kwamba jino hutobolewa na mdudu mfano wa funza, na kwamba dawa ni kumtoa. Mgonjwa hufukizwa moshi wa mbegu, kisha huonyeshwa vijinyuzi vyeupe vinavyoelea majini, akaambiwa kuwa ndio wadudu waliotoka. Hivyo ni viini vya mbegu zilizopasuka kwa moto.

Imani hii ni kongwe; ilikuwako Babeli maelfu ya miaka iliyopita. Lakini Waislamu wa zamani hawakuiachia ipite bila kuijibu. Katika karne ya 13 Miladia, Al-Jawbari wa Damascus alitunga kitabu cha kufichua hila za matapeli, na miongoni mwa aliowafichua ni hao wanaodai kutoa wadudu menoni. Na mwaka 1728 tabibu wa Ufaransa, Pierre Fauchard, alieleza katika kitabu chake kwamba wadudu hao aliwatafuta kwa hadubini asiwaone. Inasikitisha kwamba lililofichuliwa Damascus karne 8 zilizopita bado linauzwa katika mitaa yetu.

Ukweli ni huu. Juu ya meno hujengeka utando laini uliojaa bakteria wasioonekana kwa macho. Bakteria hao hula sukari tunayokula, na kutokana nayo hutoa tindikali. Tindikali hiyo hulilainisha tabaka gumu la nje ya jino, kidogo kidogo, mpaka shimo likapatikana. Kila tutiapo kitu kitamu kinywani, tindikali huendelea kufanya kazi kwa muda wa nusu saa hivi au zaidi, ndipo mate yanapoweza kuituliza na kulirudishia jino baadhi ya madini yake.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulijui: ubaya hauko katika wingi wa sukari peke yake, bali pia katika idadi ya mara. Mtu aliyekula kipande cha haluwa baada ya chakula kisha akaacha, ameyatia meno yake katika shida mara moja. Mwenye kikombe cha chai ya sukari anayekinywa funda kwa funda kutwa nzima, ameyatia shidani kutwa nzima. Na tujitazame katika nyusiku za Ramadhani: tende, kaimati, tambi, uji wa sukari na juisi, kuanzia futari mpaka daku bila kinywa kupumzika, kisha tunalala. Tusiilaumu tende, ambayo ni Sunna kufuturia. Tujilaumu sisi tusiosafisha kinywa baada yake.

Meno ya utoto

Tatu, husemwa: “Meno ya mtoto yatang'oka tu, ya nini kuyashughulikia?” Mtoto ana meno 20 ya utoto, nayo ndiyo ya kulia chakula, ya kutamkia maneno, na ya kushikilia nafasi za meno yatakayokuja. Jino la utoto likioza mpaka likatunga usaha, usaha ule uko juu ya kichwa cha jino la ukubwani lililo chini yake. Mtoto asiyelala kwa maumivu hasomi wala hanenepi.

Na kuna kosa moja ambalo madaktari walituambia hulikuta kila siku. Mtoto anapofika umri wa miaka 6 hivi, huota gego nyuma kabisa ya meno yake ya utoto, pasipo jino lolote kung'oka. Mzazi hudhani ni la utoto. Si la utoto: ndilo gego la kwanza la ukubwani, na halina badala. Likioza likang'olewa akiwa na miaka 9, amelikosa kwa maisha yake yote.

Basi mtoto asafishwe meno tangu jino la kwanza linapotokeza. Chini ya miaka 3, dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 mpaka 6, kiasi cha punje ya njegere. Asiachiwe kujisafisha peke yake mpaka awe na miaka 7 au 8, kwa kuwa mkono wake bado haujaweza. Wala asilazwe na chupa ya chai ya sukari au juisi kinywani.

Fizi zitokazo damu, na ugaga

Nne, mtu akiona damu katika mswaki huuacha, akisema fizi zimeumia zipumzishwe. Mara nyingi kinyume chake ndiyo kweli. Fizi hutoka damu kwa sababu utando umekaa karibu nazo mpaka zikavimba. Akiuacha mswaki, utando huzidi, na damu huzidi. Apige mswaki kwa upole, hasa pale panapotoka damu, na kwa kawaida baada ya siku kadhaa fizi hutulia. Zisipotulia, amwone daktari.

Utando ukiachwa hukauka ukawa ugaga, nao hautoki kwa mswaki. Hapo huja kauli nyingine: “Usikubali kusafishwa ugaga hospitali, meno yatalegea.” Meno yaliyolegea baada ya kusafishwa aghalabu yalikwisha kulegea, ugaga ndio uliokula mfupa unaoyashika, kisha ukabaki kama saruji kuyafunga. Asiyeuondoa, humalizia kuyapoteza.

Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Kiislamu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, katika kitabu chake At-Tasrif alieleza jinsi ya kuukwangua ugaga na kuchora picha za vyombo vya kukwangulia. Yeye pia aliwaonya watu wasiwe wepesi wa kung'oa meno, na akawakemea vinyozi wajinga wanaong'oa jino zima wakaliacha bovu. Basi anayemwambia Mwislamu kwamba kusafishwa ugaga ni jambo la wageni, hajui historia ya babu zake katika imani.

Meno ya kahawia si uchafu

Yote hayo yanahusu uchafu wa kinywa. Kuna rangi ya meno, hata hivyo, ambayo haihusiani na uchafu hata kidogo, nayo imewafanya ndugu zetu wengi wanyooshewe vidole. Tunawakusudia wenyeji wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, pamoja na Nakuru na jirani zake kwa upande wa Kenya. Wengi wao wana meno yenye madoa ya kahawia, na watu husema hawapigi mswaki.

Sababu ya madoa hayo ni madini ya floraidi, ambayo katika maji ya sehemu hizo ni mengi mno kwa asili ya miamba ya volkano. Floraidi kidogo hulinda jino. Ikizidi wakati jino la mtoto linajengeka, hulitia madoa, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Magadi ya kupikia maharage nayo huweza kuwa na floraidi nyingi.

Hapa pia pana dhana mbili zisizo sahihi. Ya kwanza ni kuyasugua madoa kwa mkaa, mchanga, majivu au ndimu. Madoa yamo ndani ya jino, na anayesugua kwa vitu hivyo hulikwangua au kuliunguza tabaka la juu, ambalo likishaondoka haliroti tena. Ya pili ni kuchemsha maji. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa moto, floraidi iliyobaki huwa kali zaidi. Njia iliyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa. Palipo na maji ya mvua, watoto wadogo wapewe hayo kwa kunywa na kupikiwa, baada ya kuhakikisha kwamba ni safi. Na sisi wengine tuache dhihaka, kwa maana kumcheka mtu kwa maji ya ardhi aliyozaliwa si tabia ya Mwislamu.

Kung'oa, macho na uja uzito

Sita, watu wengi wazima huvumilia jino bovu la juu kwa kuambiwa kwamba likitolewa macho yataharibika. Jicho lina mshipa wake wa fahamu wa kuonea, nalo jino lina mishipa yake. Kung'oa jino hakumpofushi mtu. Lenye hatari ni kutolitibu. Usaha wa jino la juu huweza kupanda usoni mpaka karibu na jicho, na usaha wa jino la chini huweza kushuka shingoni ukaziba njia ya pumzi. Mtu aliyevimba taya akawa hawezi kufungua kinywa au kumeza mate, asingoje asubuhi.

Kadhalika akina mama huambiwa kwamba kila mimba ina jino lake, na kwamba mja mzito hatibiwi meno. Mtoto aliye tumboni hachukui madini kutoka katika meno ya mama yake. Homoni za uja uzito huzifanya fizi zivimbe upesi, kutapika huleta tindikali kinywani, na mama huacha mswaki kwa kichefuchefu. Hapo ndipo meno yanapopotea. Matibabu ya meno yanafaa kwa mja mzito, na miezi ya katikati ndiyo mizuri zaidi. Amjulishe daktari hali yake tu.

Wala si kila jino linalouma hung'olewa. Shimo dogo huzibwa kwa muda mfupi. Tatizo ni kwamba tunalingoja liume. Jino likianza kuuma, mara nyingi shimo limekwisha fika ndani. Na maumivu yakikoma yenyewe baada ya siku nyingi, tusishangilie. Huenda jino limekufa, na usaha unajikusanya kimya kimya.

Wakati wa kungoja huko ndipo watu wanapotia shimoni kila kitu: tumbaku, mafuta ya taa, hata maji ya betri. Kuna wanaoweka kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kikawaunguza nyama. Mafuta ya karafuu, tuliyojaaliwa visiwani, yana kitu kinachotia ganzi, nayo huweza kumtuliza mtu usiku mmoja, lakini hayazibi tundu. Vidonge vya kuua bakteria vinavyonunuliwa dukani bila kuandikiwa navyo havizibi tundu. Na wazee wetu wanaosema tambuu huimarisha fizi, wajue kwamba taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayotafiti saratani ilitangaza kuwa popoo peke yake, hata bila tumbaku, inasababisha saratani.

Saumu na mswaki

Saba, kuna wanaoacha kusafisha kinywa mwezi mzima wa Ramadhani kwa kuogopa kufungua, na kuna wanaovumilia jino mpaka Idi. Katika mswaki wa mchana wa saumu wanazuoni wamehitilafiana. Mashuhuri katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, ni kwamba ni makuruhu baada ya jua kupinduka, wala si kwamba unafunguza. Wengine wameuruhusu kutwa nzima. Mwaka 1997 Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah, lilipitisha kwamba kuziba jino, kung'oa, kusafisha meno na kutumia mswaki au burashi hakubatilishi saumu, maadam mtu anajizuia asimeze kinachofika kooni. Anayetaka kujitoa katika hitilafu, asafishe vizuri baada ya daku kabla ya Alfajiri, na tena usiku kabla ya kulala. Lakini asiache kabisa, akauita uchafu kuwa ni ibada.

Kosa letu sisi

Ndugu zetu, tumeyataja ya watu. Sasa tutaje letu, kwa maana hatuwezi kuwataka wengine dalili tukajisamehe wenyewe.

Katika masahihi ya Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.), lau si kuchelea kuutia uzito umati wake, angaliwaamrisha mswaki katika kila swala. Imethibiti kuwa alikisafisha kinywa chake alipoamka usiku, na kwamba jambo la kwanza aingiapo nyumbani lilikuwa mswaki. Hayo yanatosha kuwa fadhila. Lakini sisi hatukutosheka nayo. Tumesimama hapa tukahesabu faida 70 za mswaki, nyingine bila isnadi. Tumesema kwamba mwenye kutumia mti wa mswaki hamhitaji daktari wa meno. Neno hilo la mwisho hakulisema Mtume (s.a.w.). Tulilisema sisi, na leo tunaliondoa.

Mti wa mswaki, ambao wataalamu huuita Salvadora persica na ambao huota katika sehemu kame za nchi zetu, ni chombo kizuri. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake katika miaka ya 1980 pale ulipozoeleka, na anayejua kuutumia husafisha meno yake sawa na mwenye burashi. Lakini wengi wetu husugua meno ya mbele tu, yanayoonekana, tukayaacha magego kwa ndani, ambako mti haufiki upesi. Wengine husugua kwa nguvu mpaka ufizi ukarudi nyuma na mzizi wa jino ukabaki wazi. Na wengi huubeba mfukoni wiki nzima bila kuikata ncha iliyochakaa.

Tukumbuke habari iliyopokewa na Bukhari juu ya saa za mwisho za Mtume (s.a.w.). Ndugu yake Bibi Aisha (r.a.) aliingia na mswaki mkononi, naye Mtume (s.a.w.) akautazama. Bibi Aisha akaufahamu mtazamo ule, akauchukua, akautafuna mpaka ukalainika, ndipo akampa. Hakumpa mgumu. Basi anayedhani kwamba kusugua kwa nguvu ndiko kusafisha, ajifunze kwa Mama wa Waumini: mti ulainishwe, na burashi iwe laini.

Kwa hiyo lililo bora ni kuyakusanya mawili. Mti wa mswaki wakati wa udhu na swala, kwa kuifuata Sunna. Na mara mbili kwa siku, mojawapo ikiwa ya mwisho kabla ya kulala kwa kuwa mate hupungua usingizini, tusafishe kwa burashi laini na dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha dakika 2, ndani, nje na juu ya kila jino. Mtu mzima achague dawa yenye sehemu 1,000 hadi 1,500 za floraidi kwa milioni, kama inavyoandikwa kwenye boksi. Akimaliza ateme, asisukutue sana, ili dawa ibakie. Burashi ibadilishwe kila miezi 3. Na daktari aonwe kabla ya maumivu.

Ndugu zetu, hatutarajii kila mmoja ayashike yote haya jioni moja. Lakini tunawaomba mtoke na moja. Kila mmoja wetu anaijua nyumba yenye mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Tukifika huko, tuseme neno moja tu: hakuna meno ya plastiki, mtoto akiugua, aende zahanati. Kinywa cha mtoto yule ni amana, na siku moja kwa kinywa hicho, inshaallah, atalitaja jina la Mola wake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya elimu, atujaalie kuitafuta haki na kuifuata, awaponye wagonjwa wetu na awahifadhi watoto wetu. Amin.